Mkuu wa idara anasema mishale yangu si menejimenti

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka mitatu. Ni mhadhiri msaidizi katika idara ya menejimenti ya chuo kimoja cha umma huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa nne sasa. Nafundisha Kanuni za Menejimenti mwaka wa kwanza na Menejimenti ya Uendeshaji mwaka wa tatu, na kazi naipenda kweli. Kinachonitesa ni uzamivu.

Nilipokuwa nafanya tasnifu ya uzamili nilizunguka vijiji sita kuangalia jumuiya za watumia maji. Nilikwenda na dodoso la maswali 42 la kupima mambo yanayochangia miradi ya maji kudumu. Kijiji cha tatu nikamkuta mzee anayeendesha pampu. Alinijibu dodoso lote kwa uvumilivu, kisha akaniambia: "Mama, maswali yako yote ni ya kweli, ila umeyatandaza kama maharage kwenye ungo, kila moja peke yake. Hapa pampu ikiharibika watu hawalipi. Wasipolipa hatuna hela ya kutengeneza. Tusipotengeneza watu wanarudi mtoni, na aliyekwisha kurudi mtoni, hata pampu ikipona, hana haraka ya kulipa."

Usiku ule nilichora maneno yake nyuma ya kalenda ya ukutani, mishale inayozunguka mpaka inarudi ilikoanzia. Baadaye nikagundua kumbe kuna watu wamejenga taaluma nzima juu ya michoro ya namna hii, inaitwa fikra za mfumo: kulitazama tatizo kama mzunguko wa mambo yanayosababishana. Nikaanza kuwasoma: Forrester, Checkland, Jackson. Tangu hapo kila tatizo naliona linazunguka.

Miezi miwili iliyopita niliwasilisha andiko la utafiti kwenye semina ya idara. Slaidi ya nne ilikuwa mchoro wangu. Mkuu wa idara aliutazama, akauliza: "Hii mishale ndiyo uzamivu? Nadharia yako ni ipi? Vigezo huru viko wapi?" Watu wakacheka, nami nikashindwa kujibu. Kesho yake aliniita ofisini, kwa upole kabisa, akanishauri nichague masoko, fedha au rasilimali watu. Alisema nikirudi na shahada ya mambo ya mifumo, kamati ya kupandisha vyeo haitajua iniweke wapi, na mtu akisikia "mifumo" atadhani mimi ni wa TEHAMA.

Nina barua ya kukubaliwa na chuo kimoja cha Ulaya, bila ufadhili. Ajira yangu inanitaka niwe nimesajiliwa uzamivu kabla mwaka ujao wa masomo haujaisha. Mume wangu yuko upande wangu. Mama yangu anauliza mtoto nitamwachia nani.

Mwalimu, mtu anaweza kujenga maisha ya chuo kwa fani hii hapa kwetu? Au nifanye masoko kama wenzangu, na haya mengine yawe ya kusoma jioni?

Mwenye Kalenda
Kanda ya Ziwa

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama kwa yule mzee wa pampu. Usimwache. Wapo watu wenye vyeo vikubwa ambao katika maisha yao yote ya utafiti hawajawahi kuambiwa jambo la maana kiasi hicho na mtu waliyekwenda kumhoji.

Jibu langu ni ndiyo, unaweza. Lakini kwa namna ulivyojipeleka kwenye semina ile hutafika, na ningependa tulizungumze hilo kabla ya mambo ya ufadhili.

Swali la mkuu wako lilikuwa swali halali. Najua kicheko kiliuma, na waliocheka hawakufanya vizuri. Ila mtu aliyelelewa kwenye utafiti wa dodoso na takwimu akiona duara la mishale, haoni dai lolote la kupinga wala kukubali. Mishale inaweza kuchorwa kueleza kitu chochote. Ulimwonyesha mchoro kabla hujamwonyesha ubishi wako. Na ubishi unao, tena mkali, mzee alikupa: ukisema utozaji wa fedha ni kigezo huru, yaani kinachosababisha, na uhai wa pampu ni kigezo tegemezi, yaani kinachosababishwa, umeshapotea, kwa sababu pale kijijini kila kimoja ni sababu ya mwenzake. Kulipa kunaponya pampu, na pampu nzima ndiyo inayowafanya watu walipe. Ukipima siku moja kwa dodoso utapata uhusiano, lakini hutajua kwa nini vijiji viwili vilivyoanza sawa, baada ya miaka mitano kimoja kina maji na kingine kina mabomba yenye kutu. Hiyo ndiyo nadharia yako. Irudishe kwake kwa maneno hayo, bila mshale hata mmoja kwenye ukurasa wa kwanza.

Nikueleze jambo lililonipata mimi. Nilipokuwa mhadhiri kijana niliombwa na hospitali moja ya wilaya nieleze kwa nini dawa zinaisha kabla ya robo mwaka kwisha. Nilikwenda na kanuni za kukokotoa kiasi cha kuagiza, zile zile unazofundisha mwaka wa tatu. Nikachukua leja, nikatoa wastani wa mahitaji ya mwezi, nikaandika ripoti nzuri. Haikubadilisha kitu. Mwaka uliofuata nilirudi, na mtunza stoo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanifungulia leja ile ile, akaweka kidole juu ya safu ya maombi. "Hapa nilihitaji makopo kumi," akasema. "Nimeandika ishirini. Nikiandika kumi wananiletea matano." Nikaenda kwa waliokuwa wanampelekea. Nao wakaniambia, bila kuficha, kwamba maombi ya vituo huyakata nusu kwa sababu kila mtu anajua vituo vinaongeza.

Kila mmoja alikuwa na busara pale alipoketi. Wakikata, yeye anaongeza, akiongeza, wanakata. Na mimi msomi nilichukua ile ishirini nikaiita mahitaji, nikaiingiza kwenye kanuni yangu. Yule mama nilikuwa nimempita mlangoni mara ya kwanza, nikamsalimia tu na kuomba leja. Mpaka leo najilaumu, kwa sababu wakati ripoti yangu inakaa kwenye droo kulikuwa na watu wanarudishwa nyumbani bila dawa.

Ndiyo maana nakwambia fani hii si pambo. Hata walioianzisha walisukumwa ndani yake na tatizo lililokataa kutatulika kwa njia walizozijua. Jay Forrester alikuwa mhandisi wa umeme. Alihamia skuli ya menejimenti ya chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1956 akiwa ameshajenga kompyuta. Watu wa kampuni ya General Electric wakamwambia kuhusu viwanda vyao vya jimbo la Kentucky: kuna wakati wafanyakazi wanapigishwa zamu usiku na mchana, na miaka michache baadaye nusu yao wanapunguzwa. Wao walidhani ni hali ya soko. Forrester akawauliza wanaamuaje kuajiri na kuzalisha, akapiga hesabu kwa penseli kwenye daftari, wiki baada ya wiki, na akaona kwamba hata oda zikiwa zimetulia, kupanda na kushuka kule kungetoka ndani ya kiwanda chenyewe, kwa taratibu zake chenyewe. Penseli na daftari, mwanangu. Wewe una kalenda.

Peter Checkland naye alikuwa mkemia, akafanya kazi miaka 15 katika kampuni ya kemikali ya ICI ya Uingereza, kisha mwaka 1969 akaenda Chuo Kikuu cha Lancaster huko huko. Alitaka kutumia njia za kihandisi kutatua matatizo ya uongozi, zikamkwama, kwa sababu za kihandisi zinaanza na lengo linalojulikana, na yeye alikuwa anakuta watu ambao hawakubaliani hata shirika lao lipo kwa ajili ya nini. Akageuza kazi nzima: mtafiti aanze kwa kuchora picha ya hali ilivyo, pamoja na ugomvi wake, na mtazamo wa kila kundi uandikwe kama mtazamo, usifanywe kuwa ukweli wa wote. Michael Jackson wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alitoka kwenye utumishi wa serikali. Amekaa miongo akiuliza ni njia ipi inafaa hali ipi, na ni nani anayeumizwa na njia unayoichagua, na aliwahi kuwa mkuu wa skuli ya biashara ya chuo chake. Hilo la mwisho mwambie mkuu wako wa idara, kwa heshima. Mtu wa mifumo anaweza kukaa skuli ya biashara, na hata kuiongoza.

Wala usikubali kuambiwa haya ni mambo ya Wazungu yasiyotufaa. Moja ya kazi zinazotajwa sana dunia nzima katika mifumo ya afya ilifanyika hapa kwetu, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, mradi wa huduma muhimu za afya ulioitwa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, IDRC, mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili. Timu za wilaya zilipewa takwimu za magonjwa yanayoua watu wao na zana za kuilinganisha picha hiyo na bajeti, pamoja na fedha kidogo za nyongeza. Ikaonekana malaria inaua sana na inapata fungu dogo. Wakapanga upya. Vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Fedha ile ilisaidia, lakini ilikuwa ndogo. Kilichobadilika zaidi ni uamuzi na mpangilio. Don de Savigny, aliyekuwa kwenye mradi ule, baadaye alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2009 kuhusu fikra za mfumo katika afya. Na hapo jirani Makerere, Agnes Rwashana alitumia modeli za mienendo ya mfumo, yaani mishale kama yako iliyogeuzwa kuwa hesabu kwenye kompyuta, kueleza mambo yanayokwamisha chanjo Uganda. Msome huyo kabla ya wengine wote. Atakuonyesha jinsi mtu wa ukanda wetu anavyotoka kwa mama mwenye mtoto mgongoni mpaka kwenye mlinganyo, na kurudi.

Sasa kuhusu cheo, ambako mkuu wako ana hoja ya kweli. Nimekaa kwenye kamati za kupandisha watu. Kamati haisomi moyo wako, inasoma majarida na jina la fani. Kwa hiyo shahada yako iandikwe menejimenti, au utawala wa umma, au usimamizi wa huduma za maji, na fikra za mfumo ziwe njia yako ya kufanya kazi. Nafasi za kazi zinazotangazwa kwa jina la mifumo ni chache hata Ulaya. Zinazotangazwa kwa jina la menejimenti, afya ya jamii na maji zipo. Andika makala moja kwa watu wa maji, katika jarida lao, kwa lugha yao. Nyingine iandike kwa watu wa mifumo, kwenye System Dynamics Review au Systems Research and Behavioral Science. Ya kwanza itakupa watu wa kukusikiliza nchini, ya pili itakupa wenzako duniani. Na tafadhali, kimbia majarida yanayokuandikia barua pepe usiku yakiahidi kuchapa ndani ya siku saba kwa malipo. Nimeona vijana wakinyimwa cheo kwa ajili hiyo, na aibu yake haifutiki upesi.

Utaulizwa pia utatumia njia ipi kati ya hizi, na hapa naona una tamaa. Umewataja watatu kwa pumzi moja. Chagua moja, uijue hadi uweze kuieleza bila slaidi. Kwa swali lako mimi ningeanza na watu, kwa njia ya Checkland, kwa sababu sina hakika kamati ya maji na akina mama wanaokwenda kisimani saa kumi na moja alfajiri wanakubaliana pampu ile ni ya nini. Kwa mwenyekiti inaweza kuwa ni mradi wa kijiji, kwa fundi ni kazi ya malipo, kwa mama ni saa mbili za usingizi. Werner Ulrich, msomi mwingine wa mifumo, aliandaa maswali 12 mwaka 1983 ya kumuumbua mtafiti juu ya jambo hili: nani anafaidika, nani anaamua, nani anaguswa na uamuzi na hakualikwa. Yatafsiri kwa Kisukuma au lugha yoyote ya hapo, ukayaulize. Ukishajua hayo ndipo uingie kwenye modeli ya namba, na wakati huo utakuwa na cha kuweka ndani yake.

Modeli yenyewe haina gharama kubwa. Vensim, programu ya kompyuta ya kutengenezea modeli hizi, ina toleo la bure kwa kujifunzia. Gharama ni data. Mchoro wako ni hadithi mpaka uweke pembeni yake daftari la makusanyo la mweka hazina, mwezi kwa mwezi, miaka mitatu mfululizo, na tarehe za pampu kusimama. Je, makusanyo yalishuka kabla pampu haijafa au baada? Yalichukua miezi mingapi kurudi? Yakikataa kufuata mishale yako, ifute mishale. Siku utakapofuta mshale mbele ya semina kwa sababu daftari limekukatalia, hakuna atakayecheka.

Kuhusu kusafiri. Barua ya kukubaliwa bila ufadhili si nafasi, mwanangu. Usiuze kiwanja kwa ajili yake. Wengi wa rika langu walikuwa wanaelekezwa Bergen, Norwe, ambako mienendo ya mfumo inafundishwa tangu zamani na ada haikuwapo. Mwaka 2023 Norwe ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, kwa hiyo ushauri huo wa zamani ukiupata kwa mtu, ujue umepitwa. Ningekushauri ujisajili nyumbani, msimamizi wa kwanza awe wa hapa, wa menejimenti au wa maji, na wa pili umtafute nje kwa ajili ya njia. Hivyo muda mwingi utakuwa na mtoto wako, na huko nje utakwenda miezi mitatu au sita tu, fedha ikipatikana. Hilo nalo mwambie mama yako, huenda akalala.

Huyo wa nje hapatikani kwa barua ya kumsifu. Mwandikie kurasa mbili: swali lako, vijiji vyako, data uliyo nayo mkononi, na mahali ulipokwama. Mwisho weka picha ya ile kalenda. Ndiyo, kalenda yenyewe, na mwandiko wako wa usiku. Watu wa fani hii wanakutana kutoka pande nyingi tangu mwanzo. Chama chao cha zamani cha kimataifa cha sayansi za mifumo, ISSS, kilitokana na mazungumzo ya mwaka 1954 kati ya mwanabiolojia, mchumi, mwanahisabati na mtaalamu wa fiziolojia. Hawatashangaa kwamba umetoka kwenye pampu.

Umeuliza kama uyafanye haya yawe ya kusoma jioni. Kuna wanaoweza. Kwa barua uliyoandika sidhani kama wewe ni mmoja wao, na sioni kwa nini wanafunzi wako wa masoko wafundishwe na mtu ambaye moyo wake uko kwingine. Lakini kama daftari za vijiji hazipatikani, au hutapata msimamizi hata mmoja wa hapa anayekubali kusoma sura zako kwa dhati, basi subiri mwaka, usijisajili kwa hasira ya kuchekwa.

Na mkuu wako mfanye wa kwanza kusoma andiko jipya. Alikuita ofisini, akakufungia mlango, akakueleza hofu yake ya kamati. Angeweza kukuacha uanguke. Nenda na ukurasa mmoja, mwombe akuonyeshe mahali ambapo kamati itakukwamisha, na andika atakachosema. Naye yumo kwenye ule mzunguko: idara haina mtu wa fani hii, kwa hiyo haimwamini anayetaka kuisoma, kwa hiyo inaendelea kutokuwa na mtu.

Kabla ya yote hayo, chukua basi urudi kijiji cha tatu. Mpelekee mzee mchoro wake, umekuwa wako miaka yote hii na huenda hajawahi kuuona. Muulize ni mshale upi umeukosea, halafu uniandikie alichokujibu.